Kilicho Nyuma ya Mnara

Mwaka 1974 mtu aliyekuwa na haraka ya kufika Mombasa kutoka Lamu hakupanda jahazi. Alivuka kwa mashua hadi Mokowe, akaingia basi, akapita Witu, akavuka Tana kwa kivuko pale Garsen, kisha akavuka tena Kilifi kwa feri, maana daraja la Kilifi halikufunguliwa hadi 1991. Mvua isipokuwa imeharibu barabara, alifika akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, lakini alifika. Mwenye pesa alipanda ndege ndogo pale Manda. Jahazi lilibaki kwa ajili ya boriti, mbuzi, magunia, na watu wachache ambao nauli ya basi iliwashinda.

Mimi nauli ya basi haikunishinda. Nilikuwa kijana, mwalimu wa kuchora, na nilipomwambia mwenye nyumba wangu kwamba nitashuka Mombasa na jahazi la boriti, aliniuliza kama nimegombana na watu wa basi.

Haikuwa mahaba ya mambo ya kale. Wageni waliokuwa wakija Lamu miaka ile walipenda jahazi kwa sababu ya tanga lake, linavyotoka vizuri kwenye picha jioni. Mimi nilikulia Kuze, hatua chache kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa, na jahazi kwangu lilikuwa harufu ya papa mkavu na mafuta ya sifa, lilikuwa wajomba wanaorudi nyumbani wakiwa na viganja vilivyochunwa na kamba. Kilichonipandisha ni uchovu wa kazi yangu mwenyewe. Wakati ule Lamu ilikuwa imejaa watu wa kupima na kuchora. Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraq, alikuwa akizichunguza nyumba za mawe. Kitabu chake kuhusu mji ule kilitoka 1975. Nami nilichora milango, vidaka, nakshi za plasta, jani kwa jani, ua kwa ua. Michoro yangu ilikuwa sahihi, na ilinichosha kuitazama.

Nilikuwa nimesoma Makerere, katika shule ya sanaa ambayo Margaret Trowell aliianzisha miaka ya 1930, na ambayo katika zama zetu Cecil Todd aliiongoza kwa mkono wa mtu aliyetaka tujue historia ya sanaa ya Ulaya na kanuni zake. Sina ugomvi na mafunzo yale. Yamenilisha maisha yangu yote. Kanuni ya kwanza tuliyoishika ilikuwa hii: jicho lisimame mahali pamoja, na mistari yote ya picha ikimbilie nukta moja iliyo mbali. Ukikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa Kiamu kanuni hiyo inakutosha. Lakini mji wa Lamu umeipa bahari uso wake, na waliouona kwanza, kila walipofika, waliuona wakiwa kwenye kitu kinachotembea. Nilitaka kuona walichokiona.

Jahazi lilikuwa la Matondoni, pua yake wima, na limejaa boriti za mikoko zilizokatwa kwenye hori za kaskazini. Boriti huhesabiwa kwa kori, ishirini ishirini, na kila unene una jina lake na bei yake: fito, pau, mazio, boriti yenyewe, nguzo. Nilipewa nafasi ya kukaa juu ya shehena, na kwa muda nikawa nafikiria jambo lisilohusu bahari kabisa. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, na watu huuliza kwa nini. Sababu niliikalia. Dari hubebwa na boriti, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya urefu wake. Upana wa chumba uliamuliwa kwenye matope ya mikoko kabla fundi hajatia jiwe la kwanza.

Tuliondoka mwisho wa Machi, kaskazi ikiwa inakata roho. Huo ndio wakati mbaya wa kusafiri kwa tanga. Kaskazi yenyewe, Desemba hadi Februari, ingetusukuma hadi Mombasa bila maneno. Kusi ilikuwa bado haijaanza. Katikati yao kuna siku za maleleji, upepo unakuja huku na kule, unakufa, unarudi. Nahodha alijua hivyo na alikuwa amekwisha kumwambia mwenye mali. Mwandamo wa mwezi ulikuwa jirani, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, na tulitoka na maji yakipwa.

Jua lilikuwa halijapanda tulipokuwa mkabala na Shela. Msikiti wa Ijumaa wa pale, uliojengwa 1829, una mnara mweupe mnene unaochongoka juu, na nyuma ya mji vinaanza vilima vya mchanga. Daftari langu lilikuwa tayari magotini. Mnara ule ni zawadi kwa mchoraji. Nahodha alikuwa tezini, kando ya kijana aliyeshika usukani. Alinitazama nikichora kwa muda mrefu, kisha akasema:

"Mwalimu, usiutazame mnara. Tazama kilicho nyuma yake."

Nikadhani ananionyesha pembe nzuri ya kuchora. Kumbe alikuwa kazini, na alikuwa akisema kwa sauti kitu ambacho kwa kawaida alikisema moyoni.

Mnara peke yake haumwambii mwanamaji kitu zaidi ya kwamba Shela iko pale, na hilo analijua tangu utotoni. Lakini mnara ukiutazama pamoja na kilele fulani cha mchanga kilicho nyuma yake, vikawa vimepandana, basi chombo kipo juu ya mstari mmoja tu katika bahari yote. Kilele kikianza kuchungulia upande mmoja wa mnara, mkondo umekuhamisha. Kikichungulia upande wa pili, umezidisha kurekebisha. Ukipata jozi nyingine ya alama, labda mvinje mbele na pembe ya paa nyuma, mistari miwili inakatana, na pale inapokatana ndipo ulipo, karibu kama mtu aliyekushika mkono. Milango ya miamba ya pwani yetu, ambako jahazi lililosheheni likikosea kidogo linapasuka, manahodha waliibeba kichwani kwa njia hii, jozi baada ya jozi, kutoka Kiwayuu hadi wanakokwenda. Walirithisha kwa kuonyesha. Kwa maneno matupu haielezeki vizuri, na ninavyoeleza hapa mzee yule angecheka.

Mimi nilikuwa nimefundishwa kuona vitu, na yeye alikuwa akitazama nafasi iliyo kati ya vitu, jinsi inavyofunguka na kufunga. Mnara na kilima havikuwa na habari. Habari ilikuwa kwenye ule upenyo mwembamba wa anga baina yao, ambao dakika kumi zilizopita haukuwepo.

Ndipo nikaelewa kwa nini jahazi na si basi. Kwenye basi penyo hizo zipo pia, lakini zinafunguka na kufunga kabla jicho halijaamua lifuate upi. Mti wa karibu umekwisha pita na kilima cha mbali hakijatikisika. Kwenye ndege mambo ni mabaya zaidi kwa mchoraji, maana kila kitu kimelala chini na hakuna kitu kilicho nyuma ya kingine. Kwa mwendo wa maili mbili tatu kwa saa, mbuyu mmoja unaweza kuchukua asubuhi nzima kuvuka mbele ya kilima. Unauona ukikaribia ukingo wake, ukigusa, ukiingia. Unauona ubavu wake wa kwanza na wa pili. Ukiuchora saa mbili na ukauchora tena saa nne, una mibuyu miwili na ni mmoja, na mkono wako unajua hivyo hata kama karatasi haijui.

Siku ile ya kwanza nilichora kwa ulafi. Wanamaji wakipandisha foromali, mama mmoja abiria aliyekuwa akienda kwa jamaa zake Majengo pamoja na wanawe, chungu cha wali kwenye sanduku la mchanga, kamba, misuli ya shingo ya serahangi. Kufikia alasiri sikuwa na kipya. Pwani baada ya Kipungani ni mstari mmoja: mchanga, kichaka, mikoma, mchanga tena. Upepo ulikatika, tanga likaning'inia. Abiria wenzangu walikuwa wamelala chini ya kipande cha tanga kuukuu tangu asubuhi. Nasema hivi kwa sababu siku hizi nasikia watu, hasa wanaokuja na mikoba ya kamera, wakiusifu mwendo wa polepole utadhani ni dawa ya kunywa. Yule mama na wanawe walisafiri kwa mwendo uleule wangu. Walifika Mombasa wakiwa wamepumzika vizuri, na hilo ndilo walilolitaka.

Mimi nisingeona kitu pia lau nahodha asingenipa kazi. Kijana wake wa omo alikuwa na homa. Akaniita, "Ndoo hapa, mwalimu, wewe si una mato ya kazi," akaniketisha mbele kabisa na kuniambia nitazame maji, na kila yanapobadilika rangi niseme.

Nilikuwa nimepaka bahari mara nyingi kabla ya siku hiyo, kwa samawati, na kijani kidogo kwa ajili ya ufuko. Sasa niliambiwa kwamba rangi ni kina, na kina ni roho za watu. Juu ya mchanga maji ni kijani kilichopauka, na yanazidi kupauka kadiri mchanga unavyopanda. Juu ya mwamba yanaingia kahawia, tena kahawia yenye kingo kali. Majani ya baharini nayo ni meusi na yanaweza kukutisha bure, ila kingo zake ni laini na wimbi halibadiliki linapopita juu yake. Kazi ngumu ni vivuli vya mawingu. Kivuli cha wingu kikiwa mbele yako kinafanana na mwamba kabisa, rangi ni ile, ukubwa ni ule. Tofauti ni moja: kivuli kinatembea. Kwa hiyo ukiona doa jeusi hupigi kelele. Unaliweka kwenye jozi na kitu kingine, povu au ncha ya gubeti, unasubiri. Likihama, ni wingu. Lisipohama, unasema, na unasema kwa sauti.

Nilipiga kelele za bure mwanzoni, na hakuna aliyenicheka. Walipendelea zile kuliko kimya.

Tulipoingia Ghuba ya Ungwana, ujuzi wangu mpya ukakoma kufaa, maana pale Tana humwaga matope yake Kipini na bahari ya ghuba huwa rangi ya chai kwa eneo kubwa. Mstari ambapo maji ya mto yanakutana na maji ya chumvi ulikuwa dhahiri, na kwenye mstari huo kulikuwa na matawi, mapovu, na ndege. Upande wa pili wa mstari macho hayakufika chini hata kidogo. Nahodha hakushtuka, alitoa bildi, risasi nzito kwenye kamba yenye mafundo, tako lake limepakwa shahamu. Ilipopandishwa alitazama kilichonata pale chini, mchanga au tope, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa. Mahali jicho liliposhindwa, kidole kilipokea zamu. Nilichora mkono ule. Katika michoro yangu yote ya safari nadhani huo ndio bora.

Ghuba ilitushika. Upepo ulikuja kidogo jioni, ukafa, ukaja alfajiri. Na kusini, baharini mbali na Ras Ngomeni, kulisimama kitu ambacho hakikuwa na jozi katika maisha yangu: majukwaa ya chuma yenye miguu, ambako Waitaliano walikuwa wakirusha roketi. San Marco, ndilo jina la jukwaa lenyewe la kurushia. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Wanamaji waliifahamu habari hiyo kwa namna yao: kuna siku mnazuiwa kupita. Nahodha alikuwa amekwisha kulifanya jukwaa alama. Likipandana na ncha ya ras, alisema, unajua hesabu yako na mchanga wa Ngomeni. Sikumsikia akilishangaa. Kitu chochote kisichohama na kinachoonekana kutoka mbali kilikaribishwa kwenye orodha yake, kiwe kaburi, mbuyu, au chuma cha Waitaliano.

Tulikuwa nalo machoni karibu siku nzima. Kwanza miguu haikuonekana, kulikuwa na sanduku tu juu ya upeo wa macho, limeinuka hewani. Kisha miguu ikachomoza chini yake, mmoja ukiuficha mwingine, ikajitenga, ikafichana tena. Nililichora kila lilipobadilika, na nilipozipanga karatasi niliona chuma kile kikizunguka polepole mbele yangu, ilhali kilikuwa kimesimama na sisi ndio tuliokuwa tukizunguka.

Usiku haukuwa na mwezi. Kilimia kilishuka magharibi, juu ya bara, mapema. Taa pekee ilikuwa ile ndogo ya sanduku la dira, na nahodha hakutaka nyingine, kwa sababu taa huua macho. Nilichora bila kuiona karatasi. Upande wa kulia kulikuwa na mwamba, na mwamba husikika: kuna mngurumo wa mbali usiokatika, na ndani yake kuna pigo moja moja lililo karibu. Nikajikuta nayatumia mapigo hayo kama nilivyotumia mnara na kilima mchana, hili mbele, lile nyuma, na penseli ikifuata. Michoro ya usiku ule ni mistari iliyopandana, mtu mwingine akiitazama haoni kitu. Ninayo mpaka sasa, na naiheshimu kuliko milango yote niliyochora Lamu.

Nyuma ya Ras Ngomeni tulitia nanga kusubiri. Hapo ndipo yalipotokea mabishano ambayo nimeendelea nayo peke yangu kwa nusu karne.

Upepo wa ghafla uliokuja na wingu la mvua ulizinyanyua karatasi zangu kutoka kwenye shehena. Wanamaji walizidaka, hata zilizoangukia majini wakazivua, na rundo lililorudi lilikuwa limechanganyika. Sikuwa nimeandika nambari wala mahali. Nahodha akaketi, akazitandaza juu ya mbao, akazipanga. Hakuwa mtu wa picha. Kwake ukutani kulikuwa na kalenda ya duka. Lakini alichukua karatasi moja moja, akatazama mti uko wapi mbele ya kilima, akaiweka: hii Shela maji yakipwa, hii tumekwisha pita Kipungani, hii asubuhi tuliposogezwa na mkondo. Alizipanga zote kwa utaratibu wake kutoka Lamu hadi tulipokuwa. Mpaka leo sijapata mhakiki aliyesoma kazi yangu kwa makini kiasi kile.

Kwenye karatasi moja akasita. Kulikuwa na mbuyu ukingoni na mikoma nyuma yake.

"Hii hukuiona," akasema.

Ni kweli kwamba niliusogeza mbuyu, tena kwa makusudi. Mahali pake uliiziba mikoma, na picha ikaelemea upande mmoja. Nikamweleza kwamba hiyo ni haki ya mchoraji, kwamba mafundi wakubwa wa dunia wamehamisha milima, sembuse mti. Alinisikiliza kwa adabu yote mpaka nikamaliza.

"Haya," akasema. "Lakini hapo ulipotuweka, mwalimu, tumekaa juu ya mwamba."

Wanamaji wakacheka sana, na mimi pia. Sikukubali siku ile, na sikubali leo, kwamba picha ni ramani. Mbuyu wangu ulikuwa mahali pazuri na ningeusogeza tena. Ila mzee alikuwa ameniambia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyeniambia: ukihamisha kitu ndani ya picha, umemhamisha na anayetazama. Mbuyu haukusogea peke yake. Ulituvuta sote, jahazi, shehena na mama na wanawe, ukatuweka mahali pengine baharini. Tangu hapo, kila ninapoamua kwamba nyumba hii ingefaa iwe kushoto zaidi, nauliza mtazamaji sasa amesimama juu ya nini. Mara nyingine jibu linanipendeza na ninaihamisha. Mara nyingine amesimama hewani, au ndani ya ukuta, na ndipo ninapojua kwa nini picha ilikuwa inanikera.

Baada ya Ngomeni upepo ulikaa vizuri na safari iliyobaki ilikwenda haraka. Mambrui, Malindi na ile nguzo nyeupe ya Vasco da Gama iliyoko kwenye ncha ya mwamba, ambayo nayo ni alama na hakuna anayeulizia msalaba wake. Kilifi, Takaungu, Mtwapa. Mji nilikozaliwa niliuona ukitoka kidogo kidogo nyuma ya kuta za Fort Jesus, ambazo Wareno walianza kuzijenga 1593: kwanza paa, kisha roshani, kisha nyumba ya pili iliyokuwa imejificha nyuma ya ile ya kwanza. Nilizijua nyumba zile zote kwa majina ya wenyewe. Sikuwahi kujua kwamba zinatoka kwa mpangilio huo.

Mombasa niliunganisha karatasi za kaki kwa gundi, nikachora pwani kwa mkaa na rangi za maji, bila nukta moja ya mbali, kila kipande na jicho lake. Ilikuwa ndefu kuliko ukuta wa ukumbi wa shule tulipoitundika. Watu waliuliza wasimame wapi. Nikawaambia watembee. Wengine walitembea, wengine walikwenda zao, na mzee mmoja wa Bandari ya Kale alitembea nayo mara mbili kisha akaniuliza kwa nini nimekiruka kisiwa cha Ziwayuu. Tulikipita usiku, nikamwambia. Akaridhika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mvi, niliona kwa mara ya kwanza kitabu kizuri cha picha za Hiroshige wa Japani. Katika miaka ya 1830 alitoa mfululizo wa vituo vya Tōkaidō, ile barabara ya kati ya Edo na Kyoto iliyosafiriwa kwa miguu. Katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufa 1858, alitoa picha za Edo ambamo kitu cha karibu, shina la mti, kamba, hata matako ya farasi, kimekatwa na ukingo wa picha, na mji mzima unaonekana kwa mbali kupitia upenyo uliobaki. Nilikifunga kitabu, nikakifungua tena. Huyu alikuwa anajua habari za upenyo.

Na nimeziona picha za Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kikuwait, Bayan, mwaka 1938 na 1939, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akafika Zanzibar na hadi Rufiji kufuata boriti. Zilizo nzuri zaidi ni zile alizopiga akiwa ndani, watu wakivuta kamba, miguu kwenye sitaha, mtu akishona tanga. Picha za chombo kizima kikiwa mbali angeweza kuzipiga yeyote aliyekaa ufukweni na soda.

Biashara yenyewe haipo tena kwa sura ile. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi, majahazi ya Arabuni yalikuwa yamekwisha pungua, na yaliyobaki kwetu yalitiwa mashine. Kutoka Lamu watu wanaruka. Tangu 2021 kuna gati la bandari mpya upande wa bara, lenye kreni zinazoonekana kutoka mbali sana, na mnara wa Shela bado upo ingawa nyumba za ghorofa za wageni zimeongezeka jirani yake. Nahodha wangu alifariki zamani. Nina hakika kreni zile angezitia kwenye orodha yake wiki ya kwanza.

Mimi nimebaki na vijana wachache wanaokuja kwangu kujifunza kuchora, na kwa kuwa siwezi kuwapandisha jahazi la boriti, nawapeleka Likoni. Feri haina nauli kwa mwenda kwa miguu, na kuvuka ni dakika chache tu. Nawaambia wachague vitu viwili ng'ambo, kimoja mbele ya kingine, wachore nafasi iliyo kati yao, basi. Wanalalamika kwamba watu wanawasukuma, kwamba hakuna pa kukaa, kwamba feri imefika kabla hawajaanza. Nawaambia warudi nayo.

Mwaka jana msichana mmoja, mwenye simu nzuri na subira ndogo, aliniambia atarekodi video na kuchora nyumbani. Sikumkataza, nami kama simu zingekuwepo 1974 ningekuwa nayo. Alivuka na kurudi, kisha akaja na simu mkononi na uso wa mtu anayetaka kumshitaki mtu. Alikuwa amechagua nguzo ya taa na pembe ya jengo nyuma yake, vimepandana kabisa feri ilipong'oa. Feri ilielekea moja kwa moja kwenye gati, pua yake haikugeuka, alisema, nitazame mwenyewe. Lakini nguzo na jengo vimeachana njia nzima.

"Sasa nani anasogea, babu?"

Nikamwambia atazame boya lile la karibu, lilivyolala. Akalitazama, akalitazama tena kwenye simu, akanyosha mkono kuelekea bahari kuu.

"Maji yanatuvuta huku," akasema. "Yanakupwa."